Jina la Cucu, Kifua Changu

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, somo la Kiswahili, kidato cha tatu. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho ile ya ukutani, nikiomba kengele ilie kabla zamu yangu ya kusoma kwa sauti haijafika. Mimi si mtu wa kusoma mbele ya watu. Nikiitwa jina darasani, masikio yananiwaka moto. Zamu ikafika. Nikasimama, nikasoma sentensi moja, ya pili ikanikwama, nikakohoa ndani ya mkono wa sweta. Nilipouangalia, ule mkono wa kijani ulikuwa na doa jekundu, zito, bado lina joto.

"Wanjiku, endelea," madam akasema.

Nikaukunja mkono wa sweta nikaendelea. Nilisoma aya nzima. Aibu yangu ndivyo ilivyo: niliona afadhali nianguke nikiwa nimesimama kuliko kumwambia madam, darasa lote likisikia, kwamba natema damu.

Naandika haya nikiwa nimemaliza dawa. Namwandikia msichana yeyote anayekohoa, halafu anaambiwa nyumbani kwamba hicho kikohozi ni cha kurithi. Mambo ya wadudu na mapafu sitayaeleza, hayo utaelezwa hospitali. Nitaandika yale ambayo hakuna mtu aliniambia mimi.

Kwanza ujue jina langu lilitoka wapi. Sisi ni Wakikuyu tuliohamia Eldoret, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Cucu, yaani nyanya yangu, aliitwa Wanjiku. Alikufa muda mfupi kabla sijazaliwa, kwa hivyo nilipotokea watu wakasema amerudi. Baba hajawahi kuniita Wanjiku hata siku moja. Ananiita Maitu, maana yake mama yangu. Mama naye, ambaye hakuelewana sana na Cucu, huniita Mama Mkwe. Akiwa na furaha ni mzaha: "Mama Mkwe, njoo uonje chumvi." Akikasirika si mzaha: "Mama Mkwe, hizi sahani unangoja niziombee?"

Mdogo wangu anaitwa Wambui, kama nyanya wa upande wa mama. Huyo Cucu mwingine bado yuko, ni mtu wa kanisa kabisa, hata soda ikitoa povu nyingi anaiangalia vibaya.

Cucu Wanjiku alikuwa anavuta sigara. Alianza akiwa na miaka kumi na mitatu. Tata Nyambura, dada ya baba, ambaye anaishi na sisi kwenye chumba cha nyuma ya duka letu huku mtaa wa Pioneer, naye alianza na kumi na mitatu. Nyumbani hilo lilikuwa linasemwa tu vile watu husema kwao meno ya mbele yana mwanya. "Sisi wa nyumba hii tukifika hapo, mkono unaenda wenyewe," Tata alipenda kusema, halafu anacheka mpaka anakohoa.

Tata ana shida ya magoti. Akitaka kuvuta alikuwa ananipa sigara: "Maitu, niwashie." Nakimbia nayo kwa jiko, naigusisha kwa kaa la moto, naivuta mara mbili tatu ili isizime njiani, namrudishia. Nilikuwa mdogo, hata kufunga viatu sijui vizuri. Siku moja Wambui alinyoosha mkono achukue yeye, Tata akamchapa vidole. "Wacha hiyo. Wewe ni wa kina mama yako." Kwa hivyo kuwasha ilikuwa kazi yangu, na nikwambie ukweli, nilikuwa nikijiona mtu.

Likizo ya Agosti ya ule mwaka wangu wa kumi na mitatu, nilikuwa nachunga duka, nikachukua moja kutoka kwa pakiti iliyofunguliwa ya kuuzia watu moja moja. Hii sikumpelekea mtu. Baba aliingia akanusa. Nikainama, nikingoja kofi. Badala yake akaanza kucheka, na macho yakajaa machozi.

"Nyambura! Kuja uone! Maitu amerudi kabisa!"

Mama alitoka jikoni na mwiko. "Amerudi nini? Mtoto anavuta sigara na wewe unafurahi? Mimi nitamchapa."

"Utamchapa mama yangu?"

Mama akabaki na mwiko wake hewani. Akarudi jikoni, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyenikataza tena. Ungekatazaje mtu kitu ambacho alikuja nacho?

Sasa unaelewa kwa nini kikohozi kilipoanza, wakati wa vumbi la Januari, hakuna mtu alishtuka. Baba alikuwa akikaa pale kwa kiti chake ananisikiliza nikikohoa kama mtu anayesikiliza redio. "Sikiza," anamwambia Tata. "Si ni yeye?" Na Tata: "Ni yeye. Hata pumzi ya mwisho ya kikohozi, anavyoivuta." Walisema kwa upendo, sitawasingizia. Mvua za kupanda zikaja, malori ya mbolea yakapita kuelekea mashamba ya Moiben, na mimi sketi ya shule ikaanza kuzunguka kiunoni, zipu inakuja mbele nikitembea. Asubuhi naamka blanketi limeloa jasho nalianika nyuma ya choo watu wasione. Tata alikuwa akinichemshia tangawizi. Kila mtu alijua ninaumwa na kikohozi cha Cucu, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza Cucu mwenyewe alikuwa anaumwa na nini.

Ile Jumanne ya Juni, jioni, mama alikuta sweta kwenye beseni.

"Hii ni nini?"

"Ni wino."

"Wino uko na makohozi?"

Mama akaketi chini pale kwenye sakafu ya bafu, sweta mkononi, maji yanamtiririkia kwa leso. Ndipo nilijua kwamba ni kubwa.

Kliniki ya kifua wagonjwa hawangojei ndani. Benchi ziko nje chini ya mabati ili upepo upite, na Eldoret upepo wa asubuhi hauna huruma. Watu wanakaa wakiachiana nafasi, barakoa usoni, kila mtu anaangalia viatu vyake. Nilipofika mara ya kwanza nilisimama tu, sikujua nikae wapi. Mzee mmoja wa mashamba, amevaa koti mbili, akajisogeza. "Kaa hapa kwa jua, mwanangu. Hapo kwa kivuli ni kwa wale wanene." Hakuna mtu mnene aliyekuwa pale. Nilicheka, nikakohoa, yeye pia akacheka, akakohoa. Sijui jina lake mpaka leo, lakini kila nilipoenda alinishikia lile jua.

Sista Atieno, muuguzi wa kliniki, ndiye alinipa kopo. "Sitaki mate, unasikia? Mate wekea kupiga domo na marafiki. Nataka kitu kimetoka chini kabisa." Nilimpa. Majibu yakawa kifua kikuu. Halafu picha ya eksirei, daktari kijana akaiweka kwenye mwanga, na pale juu upande wa kulia kulikuwa na shimo, duara, jeusi, kama mtu amechoma karatasi na ncha ya sigara. Ndivyo nilivyoliona mimi.

"Dawa ni miezi sita," akasema. "Unavuta?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Anavuta," mama akajibu. "Lakini hiyo ni ya kurithi, daktari. Kwa kina babake."

Daktari alimtazama mama, akanitazama mimi. "Iwe ya kurithi ama ya dukani, moshi ni moshi. Dawa itakuwa inajenga na wewe unabomoa. Ukiendelea, hili pafu utalipoteza, na ukizidi hutabaki na la kupoteza. Uache leo."

Leo. Alisema kama vile mtu anakwambia ufunge mlango.

Usishtuke mkojo wako ukigeuka rangi ya machungwa. Mimi nilipiga kelele chooni, nilidhani ni damu imehamia huko. Ni dawa. Hata machozi yatageuka, utaona kwa mto. Vidonge unameza bila kula, na tumbo linakuwa kama limejaa maji ya kuosha vyombo. Viungo vinauma mpaka kushika kikombe ni kazi. Nywele zangu zilikatika pembeni, uso ukawa mweusi, na mifupa ya mabega ikatokeza nikawa naogopa kuinua mikono nikioga.

Nyumbani sahani yangu na kikombe vikawekwa alama kwa rangi ya kucha. Shule nikaambiwa nipumzike kwanza. Wambui akahamishwa kutoka chumba tulicholala pamoja, akapelekwa kwa Tata. Watu wa kanisa walikuja wakaomba wakiwa wamesimama langoni, wakasema wana haraka. Jikoni nilikatazwa. Mama alifungua madirisha yote, na Julai hiyo baridi iliingia mpaka kwa mifupa. Alikuwa ananiletea uji mlangoni, anauweka chini, anarudi nyuma kidogo, halafu anaona aibu ya kurudi nyuma, anakuja anakaa kitandani kabisa, ananishika mguu juu ya blanketi. "Kunywa, Mama Mkwe." Hapo sikujua tena ni mzaha au nini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha.

Lakini sigara. Nilidhani nitaacha kwa sababu ya woga. Hakuna aliyeniambia kwamba unaweza kuogopa kufa na bado mkono wako unatafuta. Siku ya kwanza niliuma shuka. Siku ya pili nikamtusi Wambui kupitia dirishani bila kosa lolote. Kichwa kilikuwa kama kimefungwa waya, na kila mteja aliyewasha pale dukani harufu ilinijia kupitia ukuta kama mtu ananiita. Tata akaniona natetemeka. Akanipenyezea moja chini ya mlango, na kiberiti. "Chukua, Maitu. Usiteseke, hutaweza. Hata yeye hakuweza." Aliniokoa, hivyo ndivyo nilivyofikiria. Nikavuta chooni saa hiyo hiyo, ladha ya vidonge bado iko mdomoni.

Hivyo ndivyo miezi miwili ilivyopita. Asubuhi dawa, mchana moshi. Nilikuwa nalala nikiangalia mabati nikijiambia kwamba si mimi ninayevuta, ni Cucu, na ukifikiria hivyo kuna raha fulani mbaya sana. Unajiachilia. Nilikuwa nimeanza kuchagua nguo nitakayozikwa nayo. Sitanii. Nilichagua ile ya zambarau.

Agosti nikapimwa tena. Wengine tulioanza nao walikuwa wamesafika makohozi. Yule mzee wa koti mbili alikuwa amesafika, akacheza kidogo pale kwa benchi, mabega tu. Yangu bado yalikuwa na wadudu.

Sista Atieno akafunga mlango. Mama alikuwa ameketi kando yangu.

"Wanjiku, unavuta."

Nikaanza kulia, na machozi yangu ya rangi ya machungwa yakachafua barakoa. "Ni damu, Sista. Sitaweza. Cucu alianza kumi na mitatu, Tata kumi na mitatu, na mimi kumi na mitatu. Iko kwa damu."

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Damu iko, sikatai," akasema. "Kuna mtu anaonja leo kesho amesahau. Kuna mwingine akionja mara moja mwili unashika kama gundi, na hiyo mtu huzaliwa nayo. Pengine kwenu mmezaliwa nayo, pole. Lakini mtoto hazaliwi na kiberiti mkononi. Wewe nani alikupea ya kwanza?"

Nilikuwa sijawahi kuhesabu zile za Tata. Nilidhani nilianza kumi na mitatu.

Sista akamgeukia mama. "Na huyu mdogo, mbona hamjamleta apimwe? Nimesema tangu Juni."

"Huyo hana shida," mama akasema. "Huyo ni wa jina la mama yangu."

"Mama. Mapafu yanajua jina?"

Tulirudi nyumbani. Mchana ule jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikatafute pa kukaa, na nyuma ya tangi la maji nikamkuta Wambui. Alikuwa amesimama na sigara ya Tata mkononi, imewashwa tayari, na anaivuta.

"Unafanya nini?"

"Namwashia Tata."

"Tata yuko ndani. Hapa ni nyuma ya tangi."

Akainua mabega. "Si hata wewe huvuta."

"Wambui, mimi nakufa."

"Wewe ni Cucu Wanjiku. Mimi ni wa Cucu Wambui," akasema, na hakuwa anajibu vibaya, alikuwa ananielezea, kama mtu anayeelezea mtoto. "Kwetu haishiki."

"Kwenu wapi? Baba yako ni nani?"

Akakung'uta jivu kwenye tangi.

"Hii ni ya ngapi?"

"Sijui. Magoti yanamuuma Tata, na wewe umekatazwa jiko. Nani mwingine angewasha?"

Halafu, kwa sababu ilikuwa inataka kuzima, akaivuta tena. Hakukohoa. Rafiki zangu wote waliowahi kujaribu walikohoa mpaka wakatapika, wakasema hawarudii. Mimi sikukohoa. Na Wambui, mwenye miaka kumi na miwili, hakukohoa. Aliutoa moshi kwa pua taratibu, akafumba macho kidogo.

Nilimnyang'anya nikajichoma kidole kwa kuizima. Nikaenda dukani nikipitia mlango wa mbele, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu Juni. Kulikuwa na wateja, mwanamke wa mkate na kijana wa boda boda aliyetaka fegi, sigara moja tu.

"Maitu, rudi ndani, kuna watu," baba akasema.

"Mimi ni nani wako?"

"Nini?"

"Mimi ni nani wako? Sema."

Baba akaangalia wateja. "Ni Maitu."

"Basi mama yako anakuambia utoe sigara kwa hili duka. Zote. Na umwambie Tata asimpe mtoto kitu cha kuwasha tena. Wambui anavuta!"

Sikujua nina sauti ya namna hiyo. Kijana wa boda boda akasema, "Mzee, nipee hiyo moja haraka kabla mamako hajafunga duka," akacheka, halafu akaniona vizuri, nilivyokonda, akaacha kucheka. Akaondoka bila kuichukua.

"Wambui hawezi," baba akasema. "Huyo si wa—"

"Ni mtoto wako! Damu yake na yangu ni moja! Cucu hakurudi, baba. Mimi nilitumwa jikoni, ni hivyo tu. Niite Wanjiku."

Alikaa chini polepole juu ya gunia la sukari. Tata alikuwa ametokea kwa mlango wa nyuma, ameshika ukuta.

"Nikiacha kukuita Maitu," baba akasema, na sauti ilikuwa ndogo sana, "nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Na ukiendelea utatuzika sisi wawili."

Nilitaka kusema zaidi lakini kikohozi kikanikamata, nikashika kaunta, na damu ikaja, si nyingi, ila ilitosha kuonekana kwenye saruji. Baba alinidaka. Hakuwa amenigusa tangu barakoa zianze. Nilisikia moyo wake unavyopiga na nikasikia Tata analia kwa Kikuyu, anamuita mama yake. Mama alifunga dirisha la duka, mchana kweupe, wateja wakigonga. Zile pakiti baba alizichukua akatoka nazo. Kama alizitupa au alizificha kwanza, siku hiyo sikujua, na hakuna aliyeniahidi chochote. Tata hakunitazama usoni. Usiku ulipita hivyo hivyo, kila mtu chumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata niliamka meno yote yananiuma kwa kutaka kuvuta. Nikameza vidonge. Nikaenda kumgonga Wambui, nikamwambia avae viatu. Aliniuliza tunaenda wapi, nikamwambia, akasema haendi, nikasimama pale mlangoni mpaka akavaa. Ukungu ulikuwa haujapanda. Alitembea nyuma yangu njia yote, amenuna, anapiga mawe teke. Kwenye benchi watu walikuwa wameshajaa. Sista Atieno alipotoka kuita wa kwanza, nikasimama kabla sijaitwa.

"Sista, huyu ni mdogo wangu. Mpime kifua. Halafu umuulize kuhusu sigara, na mimi uniulize, tukiwa pamoja."

Benchi nzima iligeuka. Wambui akanifinya mkono kwa kucha zote, kwa hasira yake yote, na mimi nikamwachia huo mkono afinye, nikaingia naye.